Kibanda Hakiachi Gofu

Wakikutana watu waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, hata kama wamekutana msibani, hawachukui muda kufika kwenye chakula. Watajuliana hali, wataulizana watoto wako darasa la ngapi, kisha mmoja atatupia swali: "Hivi yule mama wa Msewe, wa maharage ya nazi, bado yupo?" Hapo hata aliyekuwa ameinamia simu huinua kichwa. Jina la mhadhiri aliyewafundisha takwimu wanaweza kulibishania mpaka chai ipoe. Kuhusu mama wa maharage hakuna ubishi. Wanakumbuka alikokuwa anakaa, rangi ya ndoo ya kunawia, na kwamba ukoko aliuficha kwa ajili ya wateja wake wa siku zote.

Jibu nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kumtangulia msemaji. Hayupo. Mwenye kiwanja amejenga fremu za maduka. Au barabara ilipanuliwa. Au ilikuwa ile Oktoba ya 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, vibanda vikaenda na mabati yake. Watu hunyamaza kidogo kana kwamba ametajwa marehemu, halafu mmoja husema: "Wangemwacha tu pale, jamani. Alikuwa anamsumbua nani?"

Sentensi hiyo imenikaa kichwani. Ina huruma, hilo halina shaka. Lakini ndani yake kuna kitu kingine ambacho msemaji hakukikusudia, na ndicho ninachotaka kukifukua hapa.

Tukumbuke kwanza kwamba vibanda hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Chuo kilizaliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia kilimani mwaka 1964, na kwa miaka mingi mpishi wake alikuwa serikali. Mwanafunzi alilala bweni la umma, akala ukumbini kwa gharama ya umma. Wazee wa kizazi hicho wakisimulia, kuku wa Jumapili hakosekani. Mwalimu Nyerere, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake. Akishiba akajisahau, amewasaliti waliobaki na njaa. Ulikuwa mfano tu, lakini pale Mlimani mfano huo ulikuwa karibu sana na sahani. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hasira yake ilikuwa ya mzazi aliyemlisha mtoto mmoja kwa kuwanyima wengine, kisha akamsikia yule aliyeshiba akilalamika.

Baadaye mpishi huyo akaishiwa. Vita vya Kagera, ukame, fedha za kigeni hakuna. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ikala unga wa mahindi ya njano ya msaada, ule watu waliouita unga wa yanga. Hakuna aliyeupenda. Na bado nimemsikia mstaafu mmoja akiusifu kwa macho yaliyolegea, akisema ugali wa siku hizi hauna uzito. Nikaelewa kwamba ulimi si shahidi wa kutegemewa katika kesi hii. Anachokisifu mzee yule hakikuwa sufuriani.

Miaka ya 1990 ikaja na uchangiaji wa gharama. Serikali ikaweka upawa chini, na walioushika ni wanawake wa Msewe, Changanyikeni, Makongo na Ubungo. Mwanafunzi akapewa fedha mkononi, bumu, na Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 ndiyo ikawa inalitoa kama mkopo. Bumu lilikuwa na misimu yake kama mvua. Likitoka, watu walikwenda Sinza kula kuku na chipsi na kurudi na harufu ya mishikaki kwenye mashati. Wiki kadhaa baadaye walishuka kwenye chipsi mayai. Kisha wali maharage. Kisha wali maharage ya kuandikiwa. Mwishoni kabisa ilikuwa pasi ndefu: chai ya asubuhi imerukwa, mchana umerukwa, unakula saa kumi jioni mlo mmoja unaobeba siku nzima. Waliopita hapo wanajua kwamba kibanda hakikuwa jambo la starehe. Kilikuwa mpaka kati ya mtu na kurudi nyumbani kabla ya mitihani.

Kila kizazi basi kinamlilia aliyekipikia. Wazee wanaulilia ukumbi na uma zake, sisi wa katikati tunakililia kibanda, na hawa wanaoagiza chipsi kwa simu na kuletewa na bodaboda hadi mlangoni mwa hosteli watalilia kitu ambacho leo wao wenyewe hawakioni. Hilo ni la kawaida na halinisumbui. Linalonisumbua ni hesabu ya miaka.

Mwanafunzi hukaa miaka mitatu, minne akiwa wa uhandisi. Mama ntilie huweza kukaa ishirini. Sisi tunapozungumza, tunajiweka kama watu waliobaki na yeye kama aliyetoweka. Ukitazama kutoka upande wa jiko, mambo yanageuka. Kila mwaka theluthi ya wateja wake iliondoka bila kuaga. Walifanya mtihani wa mwisho Ijumaa, wakapanda basi Ubungo Jumamosi, na Jumatatu kukawa na mwanya kwenye benchi. Chuo kilipofungwa Mei 1990 baada ya mgogoro na serikali, hakikufunguliwa hadi Januari 1991. Vitabu vya historia vinaeleza madai ya wanafunzi na majibu ya Ikulu, lakini aliyekuwa akiuza chakula karibu na chuo alipataje unga miezi yote hiyo? Machi 2020 vyuo vilifungwa tena kwa sababu ya korona, hadi Juni. Kwetu kufungwa kwa chuo ni likizo iliyoingia vibaya. Kwake ni benchi tupu na mwanawe amerudishwa nyumbani kwa ada.

Mama mmoja aliyekuwa akipika Changanyikeni aliwahi kuniambia jambo ambalo sijalipatia jibu. Nilimuuliza kama anawakumbuka wateja wake wa zamani. Akacheka, akasema: "Mwanangu, nyie hamzeeki. Kila mwaka mnakuja mna miaka ishirini. Anayezeeka hapa ni mimi."

Hebu tulipime hilo. Mbele yake kulikuwa na umati mmoja usiobadilika umri: vijana wale wale wenye njaa ile ile, wakibishana mambo yale yale, mmoja kila mwaka akiwa ndiye mchekeshaji na mmoja kila mwaka akiwa ndiye wa siasa. Nyuso zilibadilika lakini ujana ulikuwa umekaa pale pale kwenye benchi kama mpangaji wa kudumu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akienda na wakati. Magoti yalianza kumuuma mbele ya watu ambao magoti yao hayakuwahi kuuma. Na sisi, tulipoondoka, tulimchukua jinsi alivyokuwa siku ile, khanga ile ile kiunoni, tukamweka kichwani, na humo hajaongeza hata mvi moja. Sisi tumemzuia asizeeke, na kwake sisi hatukuzeeka. Pande zote mbili zina picha ya mtu asiyekuwapo tena. Tofauti ni kwamba sisi picha yetu tunaiita kumbukumbu na kuitolea machozi, na yeye yake ilikuwa mzigo wa kupika wali kilo nyingi kabla ya saa sita.

Kazi hiyo tunaijua nusu tu, kwa sababu tulifika chakula kikiwa tayari. Aliamka saa kumi usiku. Nafaka ilitoka soko la Tandale, mboga Mabibo, samaki Feri kama fedha imeruhusu. Maji yalinunuliwa kwa ndoo na kupandishwa kilima kichwani. Mkaa ulipanda bei kila masika na sahani haikupanda, kwa kuwa akiongeza shilingi mia mbili benchi lote linahamia kwa jirani. Wali kwenye hotipoti, maharage kwenye sufuria lililofunikwa kwa sinia, mchicha, kachumbari kwenye bakuli la plastiki, pilipili iliyopondwa kwa mkono. Tumbili wa Mlimani, ambao nao ni wateja wasiolipa, walivizia maandazi kutoka juu ya miti, na ilibidi awepo mtoto wa kuwafukuza. Mtoto huyo saa hizo alitakiwa awe shuleni. Tulimwona kila siku, sisi tuliokuwa tukisomea maendeleo, na tulimwomba atuletee maji ya kunywa.

Halafu kuna daftari. Watu wengi huliruka wanaposimulia, na mimi naona ndilo kiini cha yote. Lilikuwa la kurasa chache, jalada limelowa mafuta, na ndani yake hapakuwa na majina, maana majina yetu hakuyajua kama sisi tusivyolijua lake. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye alituandika kwa alivyotuona: mrefu wa jiolojia, wali nyama, dada wa sheria, chapati mbili, miwani, wali samaki, bumu likitoka. Ukisema, "Mama, niandikie leo," alijibu, "Nimekuandika mpaka ukurasa umeisha, mwanangu," huku mkono tayari unapakua.

Mtaalamu wa fedha angeshangaa. Huyu mtu anakopesha bila dhamana, bila kitambulisho, kwa watu ambao jambo pekee la hakika juu yao ni kwamba wataondoka. Bodi ya Mikopo ina sheria, ina wadhamini, na tangu mwaka 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa. Mama alikuwa na uso tu. Wapo waliotoweka na madeni yake, na alijua watakuwepo, na nadhani alishawaweka kwenye bei ya sahani bila kufanya hesabu kwenye karatasi. Kwa hiyo kijana mwaminifu alimlipia kidogo yule tapeli, na benchi zima likawa chama cha ushirika bila mwenyekiti wala muhtasari. Mlimani ya miaka ya 1960 na 1970, ile ya Walter Rodney na Issa Shivji na jarida la Cheche, ilijadili ujamaa hadi usiku wa manane. Sidharau mijadala ile. Ilibadilisha fikra za bara zima. Nasema tu kwamba sehemu niliyouona ujamaa ukifanya kazi kila siku, pamoja na hasara zake, ilikuwa kwenye daftari lenye mafuta.

Sasa turudi kwenye ile sentensi. Wangemwacha tu pale. Apate nini hapo? Urahisi wa sahani ile haukushuka kutoka mbinguni. Ilikuwa rahisi kwa sababu eneo halikuwa lake na hakulipia pango, ila aliishi akisikiliza kama gari la mgambo linakuja. Ilikuwa rahisi kwa sababu mfanyakazi wake alikuwa mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini na kulipwa kwa kulishwa. Ilikuwa rahisi kwa sababu macho yake yalipokea moshi bila kudai posho. Nafuu yetu ilitoka mwilini mwake. Tunaposema tunatamani kibanda kingekuwepo, tunachokitamani, tukikisema chote bila kukipaka sukari, ni kwamba mwanamke fulani angeendelea kuchuchumaa kwenye moshi miaka hii yote ili sisi, siku moja tukipita na magari yetu kuelekea Mlimani City, tuwe na pa kuonyesha watoto. Hatukumbuki kumwombea afike mbali. Tunamwombea abaki palepale.

Kuna watakaosema basi hamu hii ni unafiki na iachwe. Sikubali upesi hivyo. Mtu halilii benchi la mbao miaka ishirini bila sababu, na sababu si bei, maana sasa ana fedha za kula anapotaka. Nadhani ni hii: pale alikula kabla hajawa mtu. Hajawa mheshimiwa, hajawa daktari, hajawa bosi wala mdaiwa wa benki. Alikaa kiwiko kwa kiwiko na mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wa Namtumbo, wote wakiomba kuongezewa mchuzi kwa sauti ile ile ya unyonge, na mama akawaongezea kwa kuangalia nani amekonda. Kwa miaka mitatu ulipimwa kwa njaa yako tu. Sijui kama baada ya hapo maisha humpa mtu nafasi ya pili ya kupimwa hivyo, labda hospitali, labda jela.

Ndiyo maana hata kibanda kingekuwepo, mlango wake kwako umefungwa. Ukifika leo utaitwa "bosi" kabla hujakaa. Benchi litafutwa vumbi kwa ajili yako na vijana watasogea kukupa nafasi. Nyama utakayopewa itakuwa ya juu ya sufuria, na ukoko utafichwa usiuone, maana wewe sasa ni mtu wa kuonewa haya. Tingatinga la jiji halikutunyang'anya lolote ambalo vyeo vyetu vilikuwa havijatunyang'anya.

Fasihi yetu inajua kulia mbele ya magofu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, alizitazama nyumba za mabwana wa Pate zilizokuwa zimejaa taa na karamu na sasa zimekaliwa na wadudu na popo, akauhutubia moyo wake katika Al-Inkishafi. Lakini mshairi yule alikuwa na cha kuegemea: kuta za mawe zilikuwepo, zimesimama nusu, zikithibitisha kwamba hapa waliishi watu. Hata kule Cambridge, Massachusetts, kando ya Chuo Kikuu cha Harvard, kulikuwa na mgahawa mdogo wa sandwichi ulioitwa The Tasty, uliofunguliwa 1916 na kufungwa 1997. Watu walilalamika sana, na filamu ya Good Will Hunting, iliyotoka mwaka huo huo wa 1997, imeuhifadhi ndani ya onyesho moja. Mabwana wa Pate walipata shairi, The Tasty ikapata sinema. Kibanda cha Msewe hakiachi gofu. Mabati yanang'olewa na kwenda kuezeka kibanda kingine Goba au Kibamba, mbao zinachomwa, mawe matatu ya jiko yanasukumwa mtaroni. Wiki ikipita huwezi kuonyesha mahali. Na ninashuku kwamba hata fedheha ya kukosa gofu ni yetu sisi, tunaotaka kitu cha kukilia. Vifaa vyenyewe havikuwa na muda wa kuwa kumbukumbu, vilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Yule mama wa Changanyikeni nilimkuta Goba, si muda mrefu uliopita. Ana fremu yake, anauza vitenge. Uso umejaa, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani, na feni ya ukutani inampepea mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitambua, nikamweleza mimi ni wa miaka ile, wa chapati na maharage.

"Aaa, wa chuo." Alifurahi, lakini kwa kiasi, kama mtu anayesikia habari za mtaa aliohama.

Nikamwambia kwamba tukikutana humtaja sana, kwamba chakula chake tunakikumbuka, kwamba watu huulizia kama kibanda kitarudi.

"Kirudi?" Akaniangalia juu ya miwani. "Mnakumbuka nyie. Mimi nilikuwa napika." Halafu, bila uchungu wowote, akaanza kunieleza kuhusu yule msichana aliyekuwa akifukuza tumbili: ni muuguzi, yuko Morogoro, ana watoto wawili. Fremu yenyewe ilianza kwa fedha za upatu, zamu yake ilipofika mwaka aliofukuzwa. Angekuwa hajafukuzwa, alisema, pengine asingethubutu kuacha. Nilimuuliza kama hakumbuki chochote kizuri cha kule. Akafikiri kweli, si kwa adabu, akasema alipenda asubuhi za mitihani, tulivyokuwa tunakuja mapema tukiwa kimya, tunakula bila kelele, naye anatuombea dua moyoni bila kutujua majina.

Kisha mteja akaingia na mazungumzo yakakatika. Alipomaliza naye alinigeukia akiwa ameshika kitenge cha bluu kwa pembe mbili, amekitandaza kifuani pake nikione vizuri.

"Huyu mkeo umemnunulia nini mwezi huu? Hiki elfu kumi na nane. Kwako kumi na saba." Akakikunja kabla sijajibu. "Na siku hizi sikopeshi."